Bahari ya Lita 70

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na siku hizi hata katika miji ya Ghuba, imeenea desturi ya watu kuweka sebuleni tangi la kioo lililojazwa maji ya chumvi, na ndani yake mawe, mchanga, samaki wadogo wa rangi, na vipande vya matumbawe yaliyo hai. Alitazamaye kwa mara ya kwanza hudhani ya kuwa ni pambo tu, mfano wa picha ukutani au ua katika chungu. Wala sivyo. Pambo halili, halichafui, wala halifi. Tangi hili lina roho ndani yake. Na kila chenye roho chataka chakula, na kila kilacho hutoa taka, na kila taka haina budi kuwa na mahali pa kwenda. Asiyelijua hilo hununua tangi zuri, na kabla ya miezi 3 kutimia huliona limegeuka dimbwi la majani.

Twaiandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wa nyumba zetu wanaoishi huku ugenini wameipenda kazi hii, na wazazi wao hawajui waikubali au waikataze. Ya pili, yale yanayotokea ndani ya kioo kidogo ndiyo yanayotokea katika miamba ya pwani yetu, ambayo watu wengi huipata riziki yao kwayo. Aliyeyaona madogo kwa macho yake huyafahamu makubwa kwa wepesi.

Sisi si wataalamu wa elimu ya bahari. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na kazi yetu hapa Leicester, kama ilivyokuwa kwetu Pemba, ni kuwasomesha watoto kila jioni. Lakini tumezaliwa pwani. Tulipokuwa wadogo, maji ya bamvua yakipwa, tulifuatana na mama zetu mpaka mwambani, wao wakichokoa pweza kwa vijiti vyao na sisi tukichungulia katika vidimbwi. Tuliwaona tafi na pono wakiyaparuza mawe kwa vinywa vyao, tukasikia hata sauti ya meno ya pono juu ya mwamba, wala hatukujua ya kuwa ile ilikuwa kazi kubwa inayofanywa mbele yetu. Jambo hilo tulilifahamu sawasawa miaka mingi baadaye, katika nyumba ya dada yetu, mbele ya tangi la lita 70.

Mpwa wetu, kijana wa miaka 16, alifiwa na baba yake mwaka 2022. Siku ya maziko hakutoa chozi. Akaendelea hivyo: akienda shule, akija madrasa, akisoma sehemu yake na kurudi nyumbani, wala hasemi ila anapoulizwa. Mama yake alihangaika naye sana. Basi mwanzoni mwa mwaka 2024 kijana alipoomba ruhusa ya kununua tangi kuukuu kwa fedha alizoziweka akiba, dada yetu hakuuliza mengi. Alifurahi ya kuwa kuna kitu duniani ambacho mwanawe anakitaka.

Tangi lile lilikuwa na urefu wa sentimita 60, na upana na kina cha sentimita 35. Alilijaza maji ya mferejini yaliyochanganywa na chumvi ya unga, ile inayotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, kama bahari yenyewe ilivyo. Akatia mchanga na mawe makavu yenye matundu, akafunga pampu ya kuyazungusha maji, chombo cha umeme cha kuyapasha joto mpaka nyuzi 26, na taa kali juu yake. Kisha, baada ya majuma 3 tu, akanunua samaki 2 wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao watoto wa dunia nzima wanawajua kwa ajili ya ile filamu ya katuni ya mwaka 2003, na konokono 6 wa baharini, na kijipande cha tumbawe laini lenye umbo la uyoga.

Hapa yafaa tueleze jambo moja ambalo ndilo msingi wa yote. Samaki akinya, na chakula kikioza, hutoka amonia, nayo ni sumu. Katika mchanga na mawe huota bakteria wa namna mbalimbali: wako wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wako wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo. Bakteria hawa hawaji kwa siku moja. Aghalabu huhitaji majuma 4 mpaka 6 kabla ya kuenea vya kutosha. Nayo naitreti ikishapatikana haipotei hivi hivi. Hukaa majini ikingoja mlaji. Na mlaji wake mkubwa ni mwani.

Mwezi wa kwanza, mchanga wa kijana ulifunikwa na kitu cha kahawia mfano wa vumbi. Hao ni viumbe vidogo sana visivyoonekana kimoja kimoja, vyenye ganda la silika, ambayo ndiyo asili ya kioo. Aghalabu huja katika tangi jipya na huondoka vyenyewe. Mwezi wa pili vumbi lilikwisha, yakatokea manyoya ya kijani juu ya mawe, mafupi kwanza, kisha marefu kama nywele, yakipepea katika mkondo wa pampu. Mwezi wa tatu nywele zikalifunika tumbawe hata halionekani, na juu ya mchanga ukatanda utando mwekundu wenye utelezi na harufu mbaya. Utando huo kwa hakika si mwani, bali ni bakteria wa namna yao, wajipatiao chakula kwa mwanga kama mimea.

Ndipo dada yetu alipotupigia simu. "Kaka," alisema, "njoo ulione tangi la mpwa wako. Linanuka, taa inawaka mchana kutwa, na bili ya umeme imepanda. Na mwenyewe halitazami tena. Amerudi chumbani kwake kama zamani. Mimi Jumamosi nalitoa."

Tulikwenda Ijumaa baada ya Isha. Kijana alitupa shikamoo yake, akatuonyesha chupa ndogo ya dawa aliyoinunua. "Mjomba," alisema, "mwenzangu mmoja kaniambia nitie hii, mwani utakufa wote kwa siku 3. Isipokufa, basi mama na alitoe. Mimi nimechoka."

Twakiri ya kuwa tulichokihofia si tangi. Tangi ni kioo na maji. Tulihofia lile neno "nimechoka" katika kinywa cha kijana wa miaka 16. Tulimwomba dada yetu atupe muhula wa miezi 3, akakubali shingo upande. Na tulimwomba kijana asiifungue ile chupa mpaka apate mtu ajuaye wa kumwuliza. Siku ya pili tukafuatana naye mpaka duka moja la samaki, kwa mzee wa Kiingereza ambaye ameishughulikia kazi hii umri wake wote.

Mzee yule aliitazama chupa, akairudisha mezani. Akasema ya kuwa mwani ukiuawa wote kwa mara moja haundoki majini. Huoza mumo humo. Bakteria wanaouozesha huimaliza hewa ya oksijeni, samaki wakakosa pumzi, na yale yote uliyokuwa umeyala hurudi majini yakawa chakula cha mwani mwingine. Tena ziko dawa zenye shaba ndani yake, nayo shaba huwaua konokono na kamba hata ikiwa kidogo. Adui akaondoka mlangoni na kuingia kwa dirishani.

Kijana akatoa hoja yake, nayo ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili. Alikuwa akipima maji kila juma. "Kipimo cha naitreti chasoma sifuri," alisema, "na cha fosfeti sifuri. Maji ni safi. Basi huo mwani wala nini?" Mzee akacheka. Akamjibu ya kuwa kipimo hupima kilichobaki majini, wala hakipimi kilichokwisha kuliwa. Tulipokuwa njiani kurudi tulimwambia kijana: "Mwanangu, ukiingia katika nyumba ya watoto 10 baada ya chakula cha jioni, ukaikuta sufuria tupu, utasema leo hakukupikwa?" Akatabasamu. Yalikuwa ni miezi mingi hatujaliona tabasamu lile.

Kwa yale tuliyoyasikia kwa mzee, na yale kijana aliyoyasoma mwenyewe baadaye, yalifanyika mambo 5, nayo twayaeleza kwa taratibu yake ili yawafae wengine.

La kwanza ni chakula. Samaki 2 wenye urefu wa kidole walikuwa wakilishwa mara 3 kwa siku, kila mara mkupuo. Walikula robo, na robo tatu zilizama katikati ya mawe. Kijana alikuwa akiwalisha samaki, lakini kwa hakika akiulisha mwani. Tangu hapo ikawa mara moja kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika 2. Mama yake alidhani watakufa kwa njaa. Hawakufa, bali walizidi uchangamfu.

La pili ni mwanga. Taa iliwashwa saa 12 kila siku, na fauka ya hayo tangi lilikuwa karibu na dirisha, nalo jua la Uingereza wakati wa kiangazi hukaa mbinguni zaidi ya saa 16. Tangi lenye maji lina uzito wa zaidi ya kilo 70, halihamishwi kama kiti. Basi dada yetu akashona pazia zito la dirisha, na taa ikapunguzwa ikawa saa 7. Bili ya umeme nayo ikashuka, na hilo lilimridhisha kuliko yote.

La tatu ni maji. Maji ya mferejini ni halali kunywa, lakini si kila kinachomfaa mwanadamu chalifaa tumbawe. Makampuni mengi ya maji ya Uingereza hutia fosfeti kidogo katika maji kwa makusudi, ili risasi ya mabomba ya zamani isiyeyuke na kuwadhuru watu. Hiyo ni hekima kwa wanywaji, nayo ni mbolea kwa mwani. Kijana akaanza kununua dukani maji yaliyosukumwa katika utando mwembamba sana unaozuia karibu kila kitu isipokuwa maji yenyewe, akayachanganya na chumvi, na kila Jumapili akatoa lita 7 za zamani na kutia lita 7 mpya. Chumvi ya kazi hiyo ni robo kilo tu.

La nne ni mkono. Kila Jumapili, kabla ya kubadilisha maji, alikunja mikono, akayang'oa manyoya ya kijani kwa vidole, akayasugua mawe kwa mswaki mpya, na kuufyonza utando mwekundu kwa mpira mwembamba. Mwani uking'olewa na kutolewa nje, hutoka pamoja na yote uliyoyala, kama mtu atoaye mzigo nyumbani mwake badala ya kuusukuma chini ya kitanda. Hakuna dawa yenye kuishinda kazi hii, ila ni kazi isiyo na sifa. Mtu aifanyapo Jumapili hii haoni tofauti Jumapili ijayo. Huiona Jumapili ya nane au ya kumi.

La tano ni walaji. Konokono 6 walikuwako tokea mwanzo, lakini konokono hapendi nywele ndefu. Hupenda majani mafupi machanga. Nywele zilipong'olewa, wao wakapata nafasi ya kuyalinda mawe yasiote tena. Mwanadamu hukata msitu, na mbuzi huzuia usirudi.

Na lau tungeishia hapo, msomaji angedhani ya kuwa njia hii ni nyoofu. La. Katika mwezi wa Juni, joto lilipozidi, maji yalipungua kwa mvuke kiasi cha lita moja kila siku. Kijana, kwa bidii yake, kila siku alijazia lita moja ya maji ya chumvi. Naye hakujua ya kuwa mvuke huondoka peke yake na chumvi hubaki. Kila lita aliyoijazia ilileta gramu 35 nyingine, na katika siku 20 gramu zile zikawa 700 katika lita 70. Chumvi ikapanda kutoka gramu 35 kwa lita mpaka 45. Asubuhi moja aliwakuta konokono 4 kati ya 6 wameanguka mchangani, wamekufa.

Dada yetu ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Alimsikia kijana analia, akadhani ameumia. Akamkuta ameketi sakafuni mbele ya tangi, konokono wamo kiganjani mwake, akilia kilio cha mtu mzima, wala hakuweza kujizuia. Akamshika. Akakaa naye sakafuni, wala hakumwambia "ni konokono tu," maana alijua ya kuwa haikuwa habari ya konokono. Miaka 2 chozi lile lilikuwa likingoja. Alipomaliza kulia, kijana alimwambia mama yake maneno kuhusu baba yake ambayo hakupata kumwambia mtu, nayo si yetu kuyaandika. Tangu siku ile hatukulisikia tena neno la kulitoa tangi.

Chumvi aliishusha pole pole kwa siku 6, kila siku akitoa maji kidogo na kutia maji matupu yasiyo chumvi, maana kiumbe aliyezoea shida naye huuawa na faraja ya ghafula. Akanunua kipimo kizuri cha chumvi, na kando ya tangi akaweka mtungi wa maji matupu wenye alama, ajazie humo peke yake.

Kufikia mwezi wa Novemba mawe yalikuwa yameanza kuota ganda la rangi ya zambarau, lile ambalo sisi watu wa pwani tunaliona katika mwamba ulio mzima. Tumbawe lile lenye umbo la uyoga, ambalo tulilidhania limekwisha kufa chini ya nywele, likafunguka. Na mwaka uliofuata likagawanyika, yakawa matatu. Mwani haukwisha kabisa. Kioo cha nyuma bado kina ukijani, na kijana huuacha makusudi, uwe malisho ya konokono. Tulipomwuliza kwa nini asiukwangue ukaisha, alitupa jawabu ambalo mwalimu alifurahi kulipokea kwa mwanafunzi.

Alisema: "Mjomba, tumbawe lenyewe halili kwa kinywa tu. Ndani ya nyama yake mna mwani mdogo usioonekana, nao ndio unaolipa chakula kingi na hata rangi yake. Nikiyafanya maji yakose kila kitu, tumbawe nalo litakufa njaa, na tena kuna balaa nyingine hupenda kuota katika maji matupu. Mwani si adui. Uadui ni kuzidi."

Basi na tuseme neno juu ya jambo hilo. Sura ya Ar-Rahman, ambayo watoto wetu huihifadhi wangali wadogo, imetaja mizani, na imetaja marijani. Sisi tumeisomesha miaka mingi, na twashuhudia ya kuwa kijana yule aliifahamu mizani kwa ndoo ya lita 7 na mswaki kwa namna ambayo hatukuwahi kumfahamisha kwa ubao.

Sasa tuitazame bahari kubwa. Katika visiwa vya Karibiani, mwaka 1983, uliingia ugonjwa katika wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, ambao kila mtoto wa pwani anaogopa kuwakanyaga. Kabla ya mwaka wa pili kumalizika walikuwa wamekufa karibu wote. Nao ndio waliokuwa wakiula mwani katika miamba ya Jamaika, kwa kuwa samaki wala majani walikwisha kuvuliwa mno zamani. Tufani kubwa ya mwaka 1980 nayo ilikuwa imeyavunja matumbawe mengi. Mwani haukupata wa kuuzuia. Matumbawe yaliyofunika kadiri ya nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yalishuka, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpaka chini ya asilimia 5.

Na katika pwani ya Kenya yameonekana yaliyo kinyume. Mahali ambapo wavuvi waliwamaliza vikande, samaki wenye meno ya kuivunja ile miiba na kuwala wenyewe, viumbe wa miiba walizidi mno, wakaacha kula mwani peke yake na kuuguguna mwamba. Lakini katika hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, vikande wako, wenye miiba ni wachache, na matumbawe ni mengi. Huko Jamaika mwamba uliangamia kwa kuwakosa wenye miiba, na kwetu umeumia kwa kuzidiwa nao. Vyote viwili ni kuikosa mizani.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakautoa ule mwani ulio ndani ya nyama zao, yakawa meupe, na mengi katika pwani yetu yakafa. Juu ya mifupa yao ukaota mwani wa nje. Mahali ambapo tafi, pono na kangaja walibaki wengi wa kuula, matumbawe machanga hupata nafasi safi ya kushika na kukua upya. Mahali walipovuliwa wote, na mahali ambapo maji machafu ya mji na mbolea ya mashamba huteremka baharini, mwani hustarehe kama ulivyostarehe katika tangi la kijana alipokuwa akilisha mara 3 kwa siku. Hakuna mkono wa kuung'oa mwani katika mwamba wa maili kadhaa, wala hakuna ndoo ya kubadilisha maji ya bahari. Mikono yetu huko ni wale samaki. Nasi twawatia katika nyavu za macho madogo kabla hawajazaa.

Enyi vijana mpendao kazi hii, ushauri wetu ni mfupi. Msinunue kiumbe kabla ya maji kuwa tayari, na utayari wake ni kwa kipimo, si kwa hamu. Waulizeni wauzaji samaki ametoka wapi, na mkiweza mchukue aliyezaliwa kizimbani, maana hawa wenye mikanda siku hizi huzalishwa kwa wingi. Wekeni wachache, walisheni kidogo, badilisheni maji kila juma hata siku msizopenda. Wala msimtupe kiumbe wa tangi katika bahari au mto. Mrudisheni dukani au mpeni mwenzenu.

Nanyi wazazi, kijana akiwajia na jambo msilolijua, msilikatae kwa kuwa lina harufu mbaya mwezi wa tatu. Lazima awe na masharti ya fedha, ya umeme, ya sala na masomo. Hayo ni haki yenu. Lakini mkimwona ameliacha katikati, msiwe wepesi kulitoa nje siku ya Jumamosi. Ketini naye sakafuni kwanza.

Na ndugu zetu mlioko pwani, ambao kioo chenu hakina kingo, tafi mdogo akinaswa katika wavu wenu na bado yu hai, mrudisheni majini. Kesho ana mwamba wa kusafisha.

Wabillahi tawfiq.